Binti wa Mrimba

Kisiwa cha Kilwa kilinunuliwa kwa nguo. Hivyo ndivyo aanzavyo kila mwongoza wageni mara mashua ikwaruzapo mchanga chini ya ngome ya Gereza, na hivyo ndivyo alivyoanza kijana aliyetupokea sisi, mzaliwa wa kisiwa hichohicho. Alikuja Mshirazi na jahazi lake, akamkuta mzee Mrimba, mkubwa wa mahali. Akamwomba amwachie kisiwa. Mzee akataka nguo za kukizungushia kisiwa kizima. Mshirazi akatandaza nguo, pande kwa pande, mpaka ncha zikakutana. Mrimba akazikunja, akavuka bara na watu wake, akaenda zake upande wa Ruvuma.

"Na binti yake?" nikauliza.

"Binti aliolewa na Mshirazi, dada. Yeye alibaki." Kijana alilisema hilo huku ameshageuka kutuelekeza Msikiti Mkuu.

Safari ilianzia hapo Kilwa Kisiwani ikapanda kaskazini: Unguja ya kusini, Mombasa, kisha Lamu. Nilitaka kuyaona magofu, na zaidi ya hapo nilitaka kuwasikiliza watu wa pwani wakieleza walikotoka. Huyo binti wa Mrimba sikutarajia kwamba angenifuata bandari hadi bandari.

Kisa cha Kilwa kina matoleo kadhaa, na kila toleo lina jambo ambalo lingine limeliacha. Mreno João de Barros alikichapisha mwaka 1552. Kwake yeye, Mshirazi huyo aliitwa Ali, naye alikuwa mwana wa mfalme wa Shiraz, ila mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi. Ndugu zake sita, waliozaliwa na mama wa Kiajemi wa ukoo mkubwa, walimdharau, naye akatweka tanga kuikimbia dharau hiyo. Yaani mwanzilishi wa ufalme uliojivunia asili ya Uajemi aliondoka Uajemi kwa sababu mama yake alikuwa Mwafrika. Toleo la Kiswahili, lililoandikwa enzi za Wajerumani, linaendelea mbele: binti wa Mrimba alizaa mtoto wa kiume, mtoto alipokua alikwenda kumwamkia babu yake, na babu akamkabidhi mjukuu utawala wake. Kwa hesabu hiyo mtawala wa pili alikuwa na haki mbili za kukalia kiti, nguo za baba yake na damu ya mama yake. Wageni huelezwa habari ya nguo.

Magofu yenyewe yanatisha kwa ukubwa. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14, na hata leo ukisimama chini ya kuba zake unasikia sauti yako ikirudi ikiwa nene zaidi. Kutoka hapo tulitembea kwa miguu hadi Husuni Kubwa, jumba la sultani al-Hasan bin Sulaiman, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe juu ya jabali linalotazama bahari. Lina vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane ambalo sasa limeota majani. Dhahabu ya Sofala ndiyo iliyolijenga. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa sultani huyohuyo, akausifu mji, akamsifu mwenyeji wake kwa ukarimu na ucha Mungu. Kuhusu watu wa mji aliandika waziwazi kwamba wengi wao walikuwa weusi sana na wenye chale nyusoni. Hakuona ajabu yoyote katika hilo: mji wa Waafrika, Waislamu, matajiri, wenye adabu zao.

Tulikula kijijini kwa mama mmoja anayepikia wageni, wali wa nazi na pweza aliyepikwa mpaka akalainika kabisa. Aliponitengea sahani aliniuliza swali ambalo Mtanzania haachi kulisikia popote aendapo.

"Kabila gani, mwanangu?"

"Mnyambo, mama. Karagwe."

"Aa, Wahaya." Sikubishana. Wanyambo tumezoea.

"Na wewe, mama?"

"Mshirazi. Baba Mshirazi, wa hapahapa." Akanyamaza kidogo, akaongeza kwa sauti iliyopanda, "Lakini mama yangu Mmatumbi wa Kipatimu. Wale waliong'oa pamba ya Mjerumani."

Ni kweli kwamba Vita vya Maji Maji vilianzia huko Umatumbi, Julai 1905, watu walipoing'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kwa miaka mingi waliobaki walikaa kimya juu ya vita hivyo, kwa sababu njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Baada ya uhuru viliingia katika vitabu vya shule kama mwanzo wa taifa. Mama yule amesoma vitabu hivyo, au watoto wake wamemsomea. Bibi yake huenda asingeutaja upande wa Matumbi mbele ya mgeni, kwa kuwa zamani hizo mtu wa bara aliitwa mshenzi, na utumwa ulikuwa bado ndani ya kumbukumbu. Huko Tanganyika utumwa haukufutwa kisheria hadi 1922. Mjukuu anautaja kwa majigambo. Jambo hilo lilinifurahisha kuliko kuba za msikiti, maana hapo mezani hadithi moja ilikuwa imempa mtu ruhusa ya kumtaja mama yake.

Nalipima hilo kwa yaliyotokea kwetu.

Karagwe pia wana mgeni wao. Anaitwa Ruhinda. Alitoka upande wa Kitara, akachukua utawala mikononi mwa Nono wa ukoo wa Basita, na vizazi vyake vikatawala Karagwe na sehemu nyingi za Buhaya kwa karne kadhaa. Bibi yangu alimsimulia jikoni, maharage yakiwa motoni, na hakuwahi kumsimulia kama Mzungu wala Mhabeshi. Ruhinda alikuwa mtu mwerevu aliyekuja na ng'ombe. Katika simulizi za Nkore, ng'ambo ya mpaka, anaitwa Ruhinda wa Njunaki, na Njunaki ni jina la mama yake, mjakazi katika nyumba ya mfalme Wamara. Ruhinda naye ni mwana wa mjakazi, aliyekwenda kuwa mfalme mbali. Barros wa Lisbon na wasimulizi wa Nkore hawakuonana kamwe.

Mwishoni mwa 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Bweranyange, kwa mfalme Rumanyika. Alipokewa vizuri sana, akakaa, akatazama sura za watu, akaamua kwamba watawala wa nchi hizi hawawezi kuwa wa asili moja na wanaotawaliwa. Kitabu chake cha mwaka 1863 kiliwaeleza wasomaji wa Ulaya kwamba wafugaji na wafalme wa ukanda wa maziwa walitoka Uhabeshi, jamii bora iliyokuja kuwatawala walio duni. Kisa cha mgeni mwerevu aliyeoa na kuzaa katika nchi kikageuka kuwa kisa cha damu mbili zisizochangamana. Wamisionari na watawala wa Kijerumani na Kibelgiji waliendelea nacho Rwanda, shuleni na makanisani, na miaka ya 1930 kabila likaandikwa kwenye kitambulisho. Tarehe 22 Novemba 1992, katika mkutano wa hadhara huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera aliwaambia wasikilizaji wake kwamba Watutsi warudishwe Uhabeshi kwa njia ya mkato, kwa mto Nyabarongo.

Nyabarongo huingia Kagera, na Kagera ndio mpaka wetu. Nilikuwa msichana wa shule mwaka 1994, Watutsi walipouawa kwa wingi Rwanda. Watu wazima walitukataza kwenda mtoni, na nyumbani samaki hawakuliwa kwa muda mrefu. Maiti zilipita Karagwe zikaendelea hadi ziwani. Huko Kasensero, upande wa Uganda, kuna makaburi yao. Mugesera alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2016. Sijawahi tena kusikiliza kisa cha asili ya watu kwa masikio ya burudani. Kila nikiambiwa fulani alitoka ng'ambo, nangoja nisikie msimulizi anafanya nini na wale waliokuwapo, na anafanya nini na mama.

Ndiyo maana Makunduchi ilinishangaza kwa namna nzuri. Nilifika Julai, wakati wa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jua ambayo watu wa kusini mwa Unguja husema waliirithi kwa Washirazi, na ambayo kwa kweli inafanana na Nairuzi ya Uajemi. Uwanja wa Kae Kuu ulijaa tangu asubuhi. Wanaume wa upande mmoja wa mji na wale wa upande wa pili walishikana kwa migomba, wakapigana kwelikweli, migomba ikipasuka vipande na utomvu ukiruka, mpaka hasira za mwaka mzima zikaisha. Kwetu Karagwe mgomba ni chakula, pombe, paa na sanda. Kuuona unatumika kama silaha kulinifanya nicheke kwa sauti, na mwanamke wa jirani yangu akacheka pamoja nami bila kujua sababu. Baadaye kibanda cha makuti kilichomwa moto. Wazee walitazama moshi unaelekea wapi. Wanawake, waliovaa nguo zao bora kuliko zote, walizunguka wakiimba nyimbo za kutaniana ambazo sithubutu kuziandika.

Ni mkosi kukaa Mwaka bila mgeni nyumbani, kwa hiyo mgeni hagombewi na mtu mmoja tu. Nilivutwa nyumba tatu, na katika kila moja nikapewa sinia la wali na mkate wa kumimina. Wenyeji wangu wa nyumba ya mwisho walikuwa wakulima wa mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara upande huu wa Unguja mwaka 1989. Pesa ya mwani ilikuwa pesa ya kwanza ambayo wanawake wengi wa huku waliishika mikononi mwao wenyewe, na nilikaa nao muda mrefu wakinieleza ni nani aliyejenga nyumba kwa mwani, nani alisomesha mtoto, na jinsi maji ya bahari yanavyozidi kupata joto na mwani kufa.

Pembeni mwa uwanja alisimama kijana mwalimu wa madrasa. Hakuingia. Alinieleza kwa upole kwamba moto ule ni mambo ya Majusi, kwamba Muislamu ana sikukuu zake mbili na hana haja ya ya tatu. Hoja yake ni ya siku nyingi na masheikh wengi wa Zanzibar wanaishikilia. Mzee aliyekuwa karibu alimsikia, akamjibu bila kukasirika kwamba baba zao walikuwa waswalihina na walioga Mwaka, na kwamba mtu akiusahau Mwaka atajuaje yeye ni wa Makunduchi. Mwalimu akainamisha kichwa kwa heshima ya umri, akabaki na msimamo wake. Wote wawili walikuwa wakizungumzia jambo la dhati. Kijana anataka utambulisho usiohitaji kijiji: Muislamu wa Makunduchi awe sawa na Muislamu wa Jakarta. Mzee anaona kwamba aliyepotewa na kijiji chake hana mahali pa kusimama hata akiwa msikitini. Serikali nayo imo, na spika zake na wageni wa heshima jukwaani, kwa kuwa watalii wanapenda moto.

Ushirazi wa Zanzibar umewahi kuwa kitu kizito kuliko sherehe. Katika sensa ya mwaka 1924 watu zaidi ya 30,000 wa visiwani waliandikwa Waswahili. Mwaka 1931 waliojiita hivyo walibaki 2,000 hivi. Hawakufa wala kuhama. Walijiandikisha upya, wengi kama Washirazi, kwa sababu neno Mswahili lilikuwa limeanza kutumiwa kwa wazao wa watumwa, na kwa sababu serikali ya kikoloni iligawa haki kwa kufuata asili ya mtu; baadaye, wakati wa Vita vya Pili, hata chakula kiligawiwa hivyo. Mwaka 1957 Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi ziliungana kuunda Afro-Shirazi Party. Miaka miwili baadaye baadhi ya Washirazi walijitoa wakaunda chama chao, ZPPP, chini ya Mohammed Shamte, wakashirikiana na wapinzani wa Afro-Shirazi. Kisa kilekile cha jahazi kutoka Shiraz kilikuwa katika kambi zote mbili usiku wa Mapinduzi, Januari 1964, na wengi waliuawa kwa sababu ya asili yao. Makunduchi haikunisimulia habari hizo, nilizisoma. Waliokuwa hai wakati ule wanazungumzia mwani.

Mombasa nilipita kwa haraka. Asubuhi yake moja niliitumia Mji wa Kale kula mahamri na mbaazi na kusikiliza wazee barazani. Huko mwanzilishi wa kwanza ni mwanamke. Mwana Mkisi alitawala Kongowea kabla ya Shehe Mvita, na baadhi ya koo za zamani kabisa katika Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, zinasema zimetokana naye. Shehe Mvita, mtawala Muislamu, alikuja baadaye, na jina lake ndilo lililobaki kwa mji. Mwana Mkisi hakufutwa, ila anatajwa kama mtu wa kabla ya mwanzo, na hilo ndilo nililotaka wazee wanieleze.

Niliwatajia utafiti ambao ulinisukuma kusafiri. Machi 2023 wanasayansi, miongoni mwao Mkenya Chapurukha Kusimba ambaye amechimba miji ya pwani kwa miongo mingi, walitoa matokeo ya uchunguzi wa DNA ya watu 80 waliozikwa kati ya takriban mwaka 1250 na 1800, kutoka Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara, Lindi na mji mmoja wa ndani. Wengi wao walikuwa na nusu au zaidi ya asili yao kutoka Afrika, karibu yote kwa upande wa wanawake. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, na hapo palikuwa na Uajemi, kwa upande wa wanaume. Mchanganyiko ulianza karibu mwaka 1000, wakati uleule unaotajwa na masimulizi ya Kilwa. Baada ya 1500 asili ya Uarabuni ikaongezeka.

Kwa miaka mingi wanahistoria waliona Washirazi kama hadithi ya kujipamba. Kabla yao, wakoloni waliamini kwamba kila jiwe la pwani liliwekwa na mtu wa ng'ambo. Mifupa iliwasahihisha wote. Wanaume walikuja. Wakaoa mahali ambapo miji ilikuwapo tayari, ambapo watu walijua kuvua, kusafiri baharini, kufua chuma na kufanya biashara, na watoto wao walilelewa kwa lugha ya mama zao. Ndiyo maana leo, baada ya miaka elfu, tunazungumza Kiswahili pwani nzima wala hatuzungumzi Kifarsi. Binti wa Mrimba alibaki, kama alivyosema kijana wa Kilwa.

Wazee walisikiliza. Mmoja wao, mtu wa kanzu safi na sauti ya taratibu, alijibu: "Sawa, mama. Lakini nasaba ni ya baba. Hiyo ni sheria, haikutungwa na sisi." Ana haki. Katika sheria ya Kiislamu mtoto ni wa baba yake kwa jina na kwa nasaba, na masharifu wa pwani hutunza majina ya baba zao hadi Hadhramaut na hadi kwa Mtume. Kinachotunzwa kwa maandishi hudumu. Niliona hata hivyo kwamba mzee huyohuyo, alipotaka kunieleza kwa nini anakaa mtaa ule, alianza na nyumba ya mama yake.

Nyumba ndiyo niliyokwenda kuitazama Lamu. Katika majumba ya mawe ya waungwana, desturi ilikuwa baba kumpa binti nyumba, au orofa juu ya nyumba yake, aolewapo, na bwana harusi ndiye aliyehamia. Ukiingia chumba cha ndani kabisa unakutana na zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya chokaa vilivyochongwa kwa mkono, na hapo mwanamke alizaliwa, akaolewa, akajifungua, akaoshwa alipokufa. Mfanyabiashara alikwenda na kaskazi na kusi, akarudi au asirudi. Nyumba haikuondoka. Niliposimama mbele ya zidaka nilielewa kwa macho yangu kile ambacho DNA ilikuwa imekieleza kwa tarakimu.

Majumba hayo yalikuwa na ukatili wake pia, na mtu wa bara hawezi kuyapita bila kuukumbuka. Ngazi, choo, maji ya kisima, vyote vilihudumiwa na watumwa. Katika makumbusho ya Lamu kuna siwa mbili, ya Pate ya pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba, ambazo zilipulizwa kwenye harusi za waungwana. Mzalia, yaani mtumwa aliyezaliwa hapohapo pwani, hakupuliziwa siwa. Dini iliyofundisha kwamba watu wote ni sawa mbele ya Mungu ilifasiriwa kwa karne nyingi na watu walioona elimu ya dini ni mali ya ukoo.

Aliyelitikisa jambo hilo alikuwa mgeni mwingine aliyekuja kwa jahazi. Habib Swaleh, sharifu kutoka Ngazija, alihamia Lamu katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Badala ya kukaa Mkomani kwa wakubwa, alijenga kibanda kusini mwa mji, kwenye vibanda vya makuti vya wagema, wahamiaji na watumwa na waliokuwa watumwa, akawafundisha Kurani na tafsiri yake. Akawaruhusu kuingiza matari msikitini wakati wa Maulidi. Wakubwa walichukia, na haikuwa kwa ajili ya matari tu. Msikiti wa Riyadha ukajengwa hapohapo, na utumwa ulipofutwa pwani ya Kenya mwaka 1907, wengi wa waliotoka humo walikuwa tayari wana chuo, wana mwalimu, na wana usomaji wa Maulidi ambao leo unaleta watu kutoka Afrika Mashariki yote, na Komoro pia. Nasaba ya Habib Swaleh ndiyo iliyompa nguvu ya kufanya hivyo. Angekuwa mgema asingesikilizwa. Hilo linanisumbua, lakini pia linanipa moyo, kwamba mtu anaweza kuichukua heshima aliyozaliwa nayo akaitumia kuwapandisha wasiokuwa nayo.

Nilifika kabla ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Vijana walikuwa wakifanya mazoezi ya matari jioni, na miongoni mwa waliokaa safu ya mbele palikuwa na mmoja ambaye baba yake, niliambiwa, ni Mkikuyu wa Mpeketoni aliyesilimu. Hakuna aliyeliona hilo kuwa habari.

Si kila mtu Lamu yuko hivyo. Gati la kwanza la bandari mpya lilianza kazi Mei 2021 upande wa bara, na pamoja nalo wamekuja madereva, mafundi, wauza mitumba na wanunuzi wa viwanja. Nilisikia neno "wabara" likitamkwa kwa namna mbili, moja ya ukarimu na moja ya hofu, na mara nyingine kwa mdomo uleule. Hofu hiyo ina sababu zake: hati za ardhi ambazo familia za visiwani hazikupewa kamwe, wavuvi waliozibiwa njia zao za bahari, mauaji ya Mpeketoni ya mwaka 2014. Kwa mtu aliyeiona Kagera ya 1994, mazungumzo ya nani mgeni na nani mwenyeji husikika mapema kuliko kwa wengine.

Bi mkubwa mmoja wa Mkomani alinialika alasiri. "Ndoo, mwanangu, usisimame jua." Nyumba ni yake, aliipata kwa baba yake, na mume wake marehemu aliingia humo akiwa na sanduku moja. Mjukuu wake alikuwa ameposwa na fundi wa umeme wa bandarini, kijana wa Meru, Muislamu wa miaka mitatu, na nyumba nzima ilikuwa na maoni. Mjomba hakutaka. Shangazi alitaka ikiwa kijana atahamia Lamu. Bi mkubwa alikuwa ameshaamua: binti atapewa orofa ya juu, na kijana ataitengeneza ngazi.

Nikamsimulia habari ya binti wa Mrimba, na ya Njunaki. Alisikiliza akiwa anamimina kahawa chungu, akaniuliza kama huyo Njunaki alipewa nyumba. Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa, akamwita mjukuu aje na simu yake aandike. Upande wa marehemu mumewe, akasema, majina ya wanaume yameandikwa nyuma ya msahafu, yanafika Tarim ya Hadhramaut. Upande wake haukuandikwa. Akaanza: mama yake, mama wa mama yake, mama wa huyo, na kila jina alilifungia na mtaa, na nyumba, na aliyekuwa fundi wa nini, mmoja wa kofia, mmoja wa mikeka, mmoja aliyejua dawa za watoto. Mjukuu aliandika kwa vidole viwili, haraka. Walipofika kwa wa sita shangazi akaingilia kati. Huyo, alisema, hakuwa Msiyu kama inavyodaiwa. Alikuwa Mboni, binti wa warina asali wa msituni, aliyeletwa mjini akiwa mdogo. Bi mkubwa akasema uongo, alikuwa Msiyu wa Siyu yenyewe. Shangazi akauliza, basi ile mizinga ya asali iliyokuwa ikiletwa kila mwaka ilitoka kwa nani? Wakabishana Kiamu cha kasi ambacho nilikishika nusu tu. Mjukuu akauliza aandike lipi. "Andika yote mawili," shangazi akasema. Bi mkubwa akakataa, akaagiza aitwe jirani wa ng'ambo ya kichochoro, mwanamke wa miaka zaidi ya 90, kwa kuwa mama yake jirani huyo ndiye aliyemwosha yule marehemu.